Mshindani Asiye Mtu: Uhakiki wa Istilahi za Bao la Kompyuta

1. Utangulizi

Hivi karibuni niliombwa kutoa maoni juu ya rasimu ya tafsiri ya maelekezo ya mchezo wa bao unaochezwa kwenye simu. Bao lenyewe si geni. Ni bao la Kiswahili, lile lile la safu nne, mashimo 32 na kete 64. Kilicho kipya ni kwamba mchezaji haketi na mwenzake. Huketi peke yake, na upande wa pili huchezwa na mashine. Maelekezo hayo yaliandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha yakatafsiriwa kwa Kiswahili na mtu ambaye, kwa dalili zote, anakijua Kiingereza vizuri lakini hajapata kucheza bao.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la istilahi lishughulike na michezo, ilhali sheria, tiba na sayansi bado zina njaa ya maneno. Jibu ni hili. Msamiati wa bao haukuundwa na kamati yoyote, wala haukupata kufundishwa darasani. Umerithishwa kwa mdomo, mchezaji kwa mchezaji, chini ya miti na kwenye mabaraza. Mwanafunzi wa bao hujifunza neno *mtaji* siku ile anayoambiwa na mwenzake kwamba hana mtaji. Sasa ikiwa kijana atajifunzia bao kwenye simu, hana mwenzake wa kumwambia. Maneno atakayoyashika ni yale yaliyoandikwa kwenye kioo. Kwa hiyo mfasiri wa maelekezo hayo si mfasiri tu. Amekuwa mwalimu wa bao, apende asipende.

Makala haya yanakusudia kuonyesha makosa ya rasimu hiyo, kueleza chanzo chake, na kupendekeza istilahi zinazofaa. Mwishoni nitajaribu kuonyesha kwamba jambo hili linawagusa pia watumishi wa ofisi ambao hawajapata kugusa kete.

2. Kutafsiri kilicho chetu

Nitatoa kwanza mifano michache ya rasimu. Shimo liitwalo *nyumba* limeandikwa "shimo kuu". *Kula* kumeandikwa "kukamata". Kipindi cha kwanza cha mchezo kimeitwa "awamu ya kupanda mbegu", na kipindi cha pili "awamu ya kukamata". Zamu inapokoma kwenye shimo tupu, kioo huandika: "Hoja yako imekamilika."

Nilizichukua kurasa hizo hadi kwa wazee wachezao bao chini ya mwarobaini, si mbali na soko la Majengo hapa Dodoma. Niliwasomea bila kuwaambia ni mchezo gani. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwalimu, huo ni mchezo wa wakulima au wa polisi?" Kwake yeye kupanda mbegu ni kazi ya shamba na kukamata ni kazi ya askari. Nilipowaeleza kwamba ni bao, walicheka. Kisha mmoja wao akasema kwa upole kwamba aliyeandika hayo angefika pale saa moja tu, angeelewa.

Tuyatazame maneno yenyewe. Bao la Kiswahili huanza kila mchezaji akiwa na kete 6 katika nyumba, kete 2 katika kila shimo kati ya mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba hiyo, na kete 22 mkononi. Kila zamu mchezaji hutia kete moja kutoka mkononi. Kipindi hiki ndicho *namua*. Kete za mkononi zikiisha, huanza kipindi cha *mtaji*, ambapo kete zilizo baoni tu ndizo zinazotembea. Mchezaji anaweza kula akiwa na mtaji. Asipokuwa nao *hutakasa*. Shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto na kulia, ni *kichwa*, na hapo ndipo pa kuanzia kete zilizoliwa, na mashimo ya pembeni huitwa *kimbi*. Zamu ikikomea kwenye shimo tupu, mchezaji *amelala*. Wakati wa namua, anayekula akafikia nyumba yake ana hiari ya kusimama au *kusafiri*. Aliyemalizwa kete zote za safu ya mbele ameshindwa, hata kama safu ya nyuma imejaa.

Huu ni msamiati kamili. Una nomino, una vitenzi, una jina la kila kipindi na kila mahali. Tena umejengwa kwa maneno ya maisha: nyumba, kichwa, safari, usingizi, usafi, mtaji wa biashara. Neno *mtaji* peke yake lina thamani ya sentensi nzima, kwani linamfundisha mchezaji kwamba uwezo wa kula hauji bure. Huwekwa akiba kwanza. "Awamu ya kukamata" haifundishi neno hilo.

Linalosikitisha zaidi ni njia ambayo kosa hili limepitia. Wataalamu wa nje walioandika juu ya bao kwa Kiingereza hawakuthubutu kuyabadili maneno haya. Alexander de Voogt, aliyetoa mwaka 1995 utafiti wake wa Leiden kuhusu ubingwa wa bao, ameyatumia kama yalivyo. Donkers na Uiterwijk wa Maastricht, katika maandishi yao ya mwaka 2002 juu ya kuifundisha kompyuta kucheza bao, nao wameandika *namua*, *mtaji*, *nyumba*, *kichwa* na *kimbi* katikati ya sentensi za Kiingereza, na kuongeza maelezo mafupi kwa ajili ya wasomaji wao. Mfasiri wetu ameyapuuza maneno akayatafsiri maelezo. Mgeni amelihifadhi neno letu, nasi tumelitupa tukachukua tafsiri ya mgeni.

Utaratibu wa kuunda istilahi unajulikana. Hutazamwa kwanza Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwishowe lugha za kigeni. Hapa hapakuwa na haja ya kuvuka hata hatua ya kwanza. Wala si kwamba Kiswahili kimekataa kukopa katika michezo. Karata tulizichukua kwa Wareno pamoja na kopa, uru, pao na shupaza zake, na hakuna leo anayeyaona maneno hayo kuwa ya kigeni. Tulikopa kwa sababu hatukuwa na karata. Bao tunalo.

3. Mwenzako, adui au mpinzani?

Upande wa pili wa bao, rasimu imetumia maneno matatu bila mpango: "adui", "mpinzani" na "mchezaji otomatiki". Sentensi ya kwanza kabisa inasema: "Cheza peke yako dhidi ya adui otomatiki." Sentensi hii ina matatizo matatu, nayo yafaa yachambuliwe moja moja.

Kwanza ni *dhidi ya*. Katika Kiswahili mtu hucheza *na* mtu. Hata mashabiki wa mpira wenye hasira kali husema kwamba Simba inacheza na Yanga. Hawaoni kwamba neno *na* limepunguza ushindani. *Dhidi ya* ina mahali pake, kama katika kesi na katika vita. Kuitia kila mahali penye mashindano ni kufuata muundo wa Kiingereza.

Pili ni *adui*. Wachezaji wa bao humwita aliye upande wa pili *mwenzangu*. "Mwenzangu amenila nyumba." Anayesema hivyo ameumia, lakini hajapoteza mwenzi. Bao huchezwa hadharani, wapo watazamaji, yapo masihara, na jioni wote huondoka pamoja. Neno *adui* halimo katika mchezo huu. Mzigo wa neno haupimwi kwa kamusi tu. Hapa Ugogo tunao mfano mzuri. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara iliyopita katika nyanda hizi ililipa *hongo* kwa watemi ili ipate njia na maji. Hongo ilikuwa ushuru uliojulikana na kila mtu. Leo neno lile lile ni jina la kosa la jinai. Neno likiondolewa katika mazingira yake hupata maisha mengine, na si rahisi kulirudisha. Tukiwazoesha watoto kwamba mwenzao wa bao ni adui, tusitegemee kwamba neno hilo litabaki ndani ya simu.

Tatu ni *peke yako*. Mtu anayecheza na mashine yuko peke yake au hayuko? Kiingereza kinakubali yote mawili katika sentensi moja, lakini kwa Kiswahili "cheza peke yako na" hugongana. Afadhali iandikwe "mchezo wa mtu mmoja", au, kwa maelezo zaidi, "mchezo usiohitaji mwenzako".

4. Mashine ni "a-" au "i-"?

Sasa tunafikia jambo gumu zaidi. Tukishaliacha neno *adui*, mashine hiyo tuiite nani, au tuiite nini? Rasimu haikuweza kuamua, na udhaifu huo unaonekana katika upatanisho wa kisarufi. Ukurasa mmoja unasema "mpinzani amecheza", mwingine "mpinzani imecheza", na wa tatu "kompyuta ameshinda". Mwalimu yeyote angeyapigia mstari mwekundu, lakini alama hiyo haitatui tatizo, kwa sababu mfasiri amekwama mahali ambapo lugha yenyewe inauliza swali.

Kanuni yetu ni kwamba chenye uhai huchukua upatanisho wa *a-/wa-* hata kama umbo la nomino ni la ngeli nyingine. Twasema kifaru amekuja, kipofu ameketi. Kisicho na uhai hufuata umbo lake: kompyuta imeharibika, gari limekwama. Upatanisho waweza hata kutenganisha maana mbili za neno moja. Simba aliye porini *amekula*. Simba ya uwanjani *imefunga*. Hakuna anayekosea. Maana yake ni kwamba msemaji wa Kiswahili, kila anapofungua kinywa, hutoa hukumu juu ya uhai wa anachokitaja. Kiingereza hakimlazimishi msemaji kutoa hukumu hiyo katika kitenzi. Hivyo mfasiri hana budi kuamua mwenyewe.

Historia ya mashine zichezazo inatusaidia kuamua. Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen alionyesha huko Vienna mashine iliyocheza sataranji na kuwashinda wengi. Baadaye ilijulikana kwamba ndani ya sanduku alijificha mtu. Mashine hiyo ingestahili *a-*, kwani mchezaji alikuwa mtu. Mwaka 1952 Alan Turing alicheza sataranji na mwenzake kwa kufuata amri alizoziandika kwenye karatasi, kwa kuwa kompyuta za wakati ule hazikuweza kuziendesha. Alikokotoa kila hatua kwa mkono. Hapo mtu alikuwepo mezani, lakini hakucheza yeye, zilicheza kanuni. Siku hizi iko michezo ya mezani isiyotumia umeme wala kompyuta ambamo upande wa pili huendeshwa na pakiti ya karata. Mchezaji hufunua karata, na karata humwambia mpinzani wake huyo asiyekuwepo amefanya nini.

Mifano hii inaonyesha kwamba kinachocheza si sanduku, wala si nafsi. Ni mfuatano wa kanuni zilizowekwa na mtu ambaye hayupo. Kanuni hizo zaweza kuwa na nguvu kubwa. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Mwaka 2002 wataalamu wa Amsterdam walimaliza kabisa hesabu za awari, ndugu wa bao wa Afrika Magharibi, wakaonyesha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Bao la Kiswahili ni gumu zaidi kwa mashine, maana zamu moja yaweza kuzunguka baoni mara nyingi, na pengine isikome. Hata hivyo nguvu si uhai. Mafuriko yana nguvu, nayo husomba, *hayaamui*.

Kwa sababu hiyo napendekeza neno *kishindani*, la ngeli ya *ki-/vi-*. Njia hii si mpya. Mtu achapaye vitabu ni mchapishaji, na chombo ni kichapishi. Mtu ni mkokotoaji, chombo ni kikokotoo. Vivyo hivyo mtu ni mshindani, na kisicho mtu ni kishindani: "Kishindani kimekula kete tano." Kikiwa cha kompyuta kitaitwa *kishindani cha kompyuta*, na kikiwa cha karata, *kishindani cha karata*. Kivumishi "otomatiki" hakihitajiki tena, kwa kuwa kiambishi *ki-* kimekwisha kusema kwamba hapana mtu.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba *kishindani* yaweza kusomeka kama kielezi, mfano wa *kitaalamu*. Ni kweli, lakini nafasi ya neno katika sentensi huondoa utata huo. Ya pili ni kwamba *ki-* hudunisha. Kuhusu hili sioni ubaya. Mtoto aliyeshindwa mara kumi na mashine ana haki ya kujua, kwa upatanisho tu, kwamba hakushindwa na mtu.

5. "Mpinzani anafikiri"

Wakati mashine inapokokotoa, kioo cha rasimu huandika: "Mpinzani anafikiri. Tafadhali subiri." Niliwasomea wazee sentensi hiyo. Yule wa mwanzo akasema, "Anafikiri? Basi mwulize anafikiri nini." Katika bao swali hilo lina maana. Fundi wa bao aweza kuulizwa kwa nini alilala pale badala ya kusafiri, naye atajibu, na kwa jibu lake mwanafunzi atajifunza. Mashine hii haina jibu. Ina matokeo.

Hapa ndipo ninapowageukia watumishi wa umma, ambao ofisi zao zimehamia Dodoma kwa wingi kuanzia mwaka 2016. Mwananchi aliyefunga safari kutoka Kondoa au Mpwapwa huweza kufika dirishani akaambiwa, "Mfumo umekataa." Nimeambiwa hivyo mimi mwenyewe, katika ofisi ambayo sina haja ya kuitaja, na nilirudi nyumbani bila kujua ni nani wa kumwuliza. Kisarufi sentensi ile haina kosa: mfumo ni wa ngeli ya *m-/mi-*, na *umekataa* ni upatanisho sahihi. Kosa limo katika kitenzi. Kukataa ni tendo la mwenye hiari. Mfumo haukukataa. Kuna kanuni iliyowekwa, kuna aliyeiweka, na kuna sharti ambalo mwombaji hakulitimiza. Sentensi ya kweli ingekuwa: "Kanuni hairuhusu, kwa kuwa cheti hiki hakina muhuri." Hiyo humpa mwananchi mahali pa kuanzia. Ile ya kwanza humwacha mbele ya ukuta.

Hivyo tofauti kati ya "mpinzani anafikiri" na "kishindani kinakokotoa" si ya mapambo. Anayezoea kusema katika mchezo kwamba mashine inafikiri hatashangaa akiambiwa ofisini kwamba mashine imekataa. Vitenzi vya hiari, yaani kufikiri, kuamua, kutaka, kukubali na kukataa, viachwe kwa watu. Mashine ipewe vitenzi vya kazi yake: kukokotoa, kuchagua kwa kanuni, kuonyesha, kupokea, kutopokea.

6. Yaliyo mazuri katika rasimu

Si haki kumaliza bila kutaja yaliyofaa. Rasimu imetumia *tendua* kwa kitendo cha kurudisha hatua iliyochezwa. Ni neno zuri, limejengwa kwa njia ile ile ya *funga* na *fungua*, nalo limekwisha kuenea katika programu za kompyuta. Viwango vya mchezo, *rahisi*, *wastani* na *kigumu*, vinaeleweka, ila pale palipoandikwa "kiwango ngumu" pasahihishwe. Aidha, mfasiri ameepuka kurundika maneno ya Kiingereza, jambo linaloonyesha nia njema. Lililokosekana ni saa moja chini ya mwarobaini.

7. Mapendekezo

Kwa kifupi, istilahi zifuatazo zafaa kufikiriwa:

Badala ya "shimo kuu": *nyumba*.
Badala ya "kukamata": *kula*.
Badala ya "awamu ya kupanda mbegu" na "awamu ya kukamata": *namua* na *mtaji*.
Badala ya "hoja isiyokamata": *kutakasa*.
Badala ya "hoja yako imekamilika": *umelala*.
Badala ya "hitilafu ya kitanzi kisicho na mwisho": *zamu isiyolala*.
Badala ya "adui" akiwa mtu: *mwenzako* au *mshindani*.
Badala ya "adui otomatiki": *kishindani*.
Badala ya "cheza peke yako dhidi ya": *mchezo wa mtu mmoja*.
Badala ya "mpinzani anafikiri": *kishindani kinakokotoa*.

Maneno haya, isipokuwa *kishindani* na *zamu isiyolala*, si yangu. Ni ya wachezaji. Hayo mawili nayaweka mbele ya wasomaji ili yapimwe, na hasa mbele ya walimu, ambao watasikia kabla ya wengine kama yanatamkika vinywani mwa watoto. Rasimu yenyewe nimeirudisha kwa aliyenipa, pamoja na maoni haya, na nimemwomba mfasiri aje Dodoma siku moja jioni. Wazee wamesema watamwachia nafasi.